Hiyo 0.4 umeitoa wapi?

Chukua sarafu. Upande mmoja uuite kichwa, wa pili uuite mwenge, kama zile shilingi za zamani. Irushe mpaka upate mwenge, halafu andika umerusha mara ngapi. Mwenge ukitoka mara ya kwanza, andika 1. Ukipata kichwa, kichwa, kisha mwenge, andika 3. Huo ni mzunguko mmoja. Anza mwingine, na mwingine, hadi uchoke. Ila usihesabu umecheza mizunguko mingapi. Kumbuka kitu kimoja tu: namba kubwa kuliko zote uliyowahi kuandika.

Sasa niambie hiyo namba moja. Ukisema 3, nitajua umecheza kidogo ukaenda kunywa chai. Ukisema 12, nitajua umekesha, kwa sababu kuipata 12 kamili hutokea kwa wastani mara moja katika mizunguko 4,096. Hujanipa hesabu ya mizunguko, lakini rekodi yako imekusaliti.

Mchezo huu wa kitoto ndio uliowahi kuniaibisha mbele ya msimamizi wangu wa tasnifu, na ndio huohuo unaotumika leo kwenye seva kubwa duniani kuhesabu mabilioni ya vitu. Kati ya aibu yangu na zile seva kuna watu ambao kila mwaka hukutana kwa siku kadhaa kufanya kazi moja: kuichambua algoriti kwa kalamu na karatasi, mpaka wajue kwa uhakika itafanya nini kabla hata haijaendeshwa. Nitakueleza kwa nini hawapotezi muda. Mwanzoni niliamini wanapoteza.

Nilikuwa nahesabu maneno. Swali lilikuwa jepesi ukilisikia: katika rundo kubwa la maandishi ya Kiswahili, kuna maumbo mangapi tofauti ya maneno? Si jumla ya maneno, bali maneno tofauti, "kitabu" ihesabiwe mara moja hata ikitokea mara elfu. Kiswahili unakijua mwenyewe. Kitenzi kimoja "pika" kinazaa nitampikia, hawakunipikia, tulipikiana, aliyewapikia, na ukoo haumaliziki. Njia ya kawaida ni kuweka kila neno jipya kwenye orodha, na kila likija neno lingine unaangalia kama tayari limo. Orodha ikavimba, kompyuta yangu ya kumbukumbu ndogo ikavimba nayo, ikaganda. Nikaiwasha upya, ikaganda tena.

Ndipo nikasikia habari za rekodi. Badala ya sarafu unatumia hashi. Ifikirie kama kinu: unatia neno, linasagwa, unatoka mstari wa sifuri na moja ambao ukiutazama utadhani ni wa kubahatisha. Ila kinu hiki kina tabia moja muhimu sana. Neno lilelile hutoa mstari uleule, leo na kesho. Basi kila neno linakuwa mzunguko mmoja wa sarafu: sifuri ni kichwa, moja ni mwenge, nawe unaangalia moja ya kwanza imekaa nafasi ya ngapi. "Kitabu" ikija kwa mara ya elfu, italeta namba ileile iliyoleta mara ya kwanza, na rekodi haitikisiki. Marudio yanajifuta yenyewe bila wewe kukumbuka neno hata moja. Niliposoma hilo nilisimama kwenye kiti.

Nikaandika programu. Rekodi ikiwa r, nakisia kwamba maneno tofauti ni 2 kwa kipeo cha r. Nikaijaribu kwenye faili dogo ambalo jibu lake nalijua, ikaja karibu kabisa. Nikaandika sura nzima ya tasnifu kwa furaha.

Rekodi moja ni kigeugeu, hilo nililijua. Neno moja lenye bahati ya ajabu linaweza kuipandisha ghafla, na rekodi ikipanda hatua moja makisio yanakuwa maradufu. Kwa hiyo nikaongeza visanduku. Biti chache za mwanzo za mstari zinachagua kisanduku, biti zinazobaki ndizo sarafu, na kila kisanduku kinatunza rekodi yake. Mwishoni unachukua wastani wa rekodi zote, unapandisha 2 kwa kipeo hicho, unazidisha kwa idadi ya visanduku. Matokeo yakatulia vizuri. Ukiendesha mara kumi kwa mbegu tofauti za hashi, mara zote kumi majibu yanakaribiana.

Na mara zote kumi yamekosea. Yalikuwa makubwa kiasi cha mara mbili na nusu ya jibu sahihi.

Yaani visanduku vilikuwa vimeondoa kosa la bahati, vikaliacha kosa la kudumu limekaa uchi. Lile faili la kwanza lilinipa jibu zuri kwa sababu makosa mawili yalikutana yakafutana. Rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye maabara akacheka, akasema: "Wewe zidisha kwa 0.4, maisha yaende." Nikazidisha. Ikakubali. Nikapeleka.

Msimamizi wangu alisoma, akafika pale, akaweka kidole.

"Hiyo 0.4 umeitoa wapi?"

"Nimepima, Mwalimu."

"Kwenye mafaili mangapi?"

"Matatu."

"Na la nne?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia sura, akaendelea na shughuli zake. Nilikasirika, nakiri. Darasani tulifundishwa uchambuzi wa algoriti kama O kubwa: hii ni O ya n, ile ni O ya n mraba, mtihani umekwisha. O kubwa inakuambia gharama inakua kwa kasi gani, na kwa makusudi kabisa inatupa namba za kuzidisha pembeni. Kwa O kubwa programu yenye 0.4 na isiyo na 0.4 ni mapacha. Kumbe jibu langu lote lilikuwa ndani ya namba ile iliyotupwa.

Kuna watu ambao hawakukubali kuitupa, na babu yao ni Donald Knuth. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa miaka 25, akaandika maelezo mafupi kuhusu njia moja ya kuhifadhi vitu kwenye jedwali. Njia yenyewe ni kama maegesho ya magari kando ya barabara. Kila gari lina nafasi linayoipenda. Likikuta imekaliwa linasogea inayofuata, na inayofuata, hadi lipate. Kila mtu aliona kwamba maegesho yakijaa mambo yanakuwa magumu. Swali la Knuth lilikuwa: magumu kiasi gani, hasa? Akapata fomyula. Maegesho yakiwa yamejaa nusu, gari jipya litakagua kwa wastani nafasi 2.5. Yakijaa asilimia 90, litakagua 50.5. Tazama hizo namba mbili tena. Hakuna O kubwa itakayokuonya kwamba kati ya nusu na asilimia 90 kuna ukuta. Mtu anayetengeneza mfumo akiijua fomyula hiyo anajua pa kusimama: jedwali likifika kiasi fulani, ongeza nafasi, usingoje wateja walalamike.

Knuth amesema mara nyingi kwamba kazi hiyo ndogo ilibadilisha maisha yake, na ndiye aliyeipa taaluma hii jina la uchambuzi wa algoriti. Lakini jina halitoshi. Waliokuwa wakifanya kazi hii walitawanyika: mmoja ni mtu wa uwezekano, mwingine ni wa hisabati ya kuhesabu mipangilio, wa tatu yuko kwenye kompyuta, na kila mmoja anaandika kwenye majarida ambayo wenzake hawayafungui.

Julai 1993 baadhi yao wakakutana Dagstuhl. Ni jumba la kale mashambani katika jimbo la Saarland, Ujerumani, ambalo wanasayansi wa kompyuta huenda kwa mwaliko na kukaa takriban wiki nzima, wanalala hapo, wanakula hapo. Kuna desturi moja ya Dagstuhl ninayoipenda mno. Huchagui pa kukaa wakati wa kula. Vitambaa vya mezani vyenye majina huchanganywa na kupangwa upya, unajikuta leo umekaa na mtu usiyemjua, kesho mwingine. Ni hashi kabisa! Profesa hawezi kujificha na marafiki zake watatu, na mwanafunzi hawezi kukwepa kuulizwa anafanya nini.

Waliondoka na mazoea ya kukutana. Wakarudi Dagstuhl mara nyingine, halafu mkutano ukaanza kuhama: Princeton, Barcelona, Berkeley, Vienna, Montreal. Mwaka 2008 ulikuwa Maresias, pwani ya Brazili. Mwaka 2018 ulikuwa Uppsala, Uswidi, na ulitolewa kwa heshima ya Knuth kutimiza miaka 80. Si mkutano mkubwa. Ukiulinganisha na makongamano ya akili bandia yanayojaza kumbi za maonyesho, huu ni kama kikao cha ukoo. Watu wanajuana, na swali lililoulizwa mwaka huu linaweza kujibiwa miaka mitano baadaye na mtu aliyekuwa amekaa safu ya nyuma.

Nikupe mfano wa maswali hayo. Yale maegesho ya Knuth yalikuwa bado na deni. Wastani ulijulikana, lakini je, ukijumlisha usumbufu wa magari yote mpaka barabara ijae kabisa, jumla hiyo inatawanyikaje? Siku mbaya inaweza kuwa mbaya kiasi gani? Mwaka 1998 majibu yakatoka, mengine kwa mkono wa Knuth mwenyewe, mengine kwa mikono ya watu watatu: Philippe Flajolet wa Ufaransa, Patricio Poblete wa Chile na Alfredo Viola wa Uruguay. Miaka thelathini na mitano baada ya yale maelezo ya kwanza. Na umbo lililojitokeza, wanaliita mgawanyo wa Airy, linatokana na kitendakazi ambacho George Airy alikitunga katika karne ya 19 akichunguza mwanga, ule mwanga unaofanya upinde wa mvua. Magari yanayotafuta maegesho na upinde wa mvua, hesabu moja. Sijui wewe, mimi hayo hunifanya nifunge kitabu nikatembee kidogo.

Huyo Flajolet ndiye tunayemhitaji kwa ajili ya sarafu zetu. Alizaliwa Lyon mwaka 1948, akafanya kazi INRIA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa. Mwaka 1985 yeye na G. Nigel Martin wa IBM walichapisha njia ya kuhesabu vitu tofauti kwa kuangalia mistari ya hashi. Njia yao haikutumia rekodi ya juu kabisa kama nilivyofanya mimi. Iliweka alama kwenye kila nafasi iliyowahi kuonekana, kisha ikatafuta nafasi ya kwanza isiyo na alama. Lakini tatizo ni lilelile. Ukipandisha 2 kwa kipeo cha nafasi hiyo hupati idadi, unapata idadi iliyopindishwa. Imepindishwa kwa kiasi gani? Flajolet akakaa chini akathibitisha: kwa 0.77351.

Hapa ndipo rafiki yangu wa maabara angesema, sawa, hata mimi ningepima nikapata 0.77. Kweli angepata. Ila uthibitisho ulileta kitu kingine ambacho yeye asingekiona kamwe. Hiyo 0.77351 haitulii kikamilifu hata idadi ikienda kwenye ukomo. Kuna kiwimbi. Rekodi na nafasi ni namba kamili, 5 au 6, hazikai katikati, wakati idadi ya maneno inapanda taratibu. Kila idadi inapokuwa maradufu, picha yote inasogea hatua moja kamili na kuanza upya. Kwa hiyo makisio yanapanda na kushuka kidogo, yanapanda na kushuka, milele, mzunguko mmoja kwa kila maradufu. Flajolet alionyesha kwamba kiwimbi hicho kwenye wastani wa nafasi ni chini ya moja ya laki moja.

Ungependa kukiona kwa kupima? Kosa la upimaji hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Ili usahihi ufike moja ya laki moja unahitaji majaribio ya kiwango cha bilioni kumi, kwa kila ukubwa wa data. Kwa hesabu ya karatasi, zenye namba changamano na kitu kinachoitwa badiliko la Mellin, kiwimbi kinatoka chenyewe, pamoja na ukubwa wake. Na ukubwa ndio unaokupa haki ya kukipuuza. Kabla ya uthibitisho, kulikipuuza ilikuwa kubahatisha tu.

Njia yangu ya rekodi na visanduku nayo ina jina. Marianne Durand na Flajolet waliichapisha mwaka 2003, wakaiita LogLog. Namba ya kuzidisha, visanduku vikiwa vingi, ni 0.39701. Kwa hiyo rafiki yangu na 0.4 yake hakuwa mbali, na mimi na mara mbili na nusu yangu nilikuwa nimegundua upya kosa ambalo limeandikwa na kusahihishwa nikiwa shule ya msingi. Katika makala hiyo walitia kazi zote za Shakespeare kwenye kinu. Visanduku 256 vya biti 4 kila kimoja, jumla baiti 128, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu. Makisio yakatoka maneno tofauti 30,897. Jibu sahihi ni 28,239. Wamekosea kwa asilimia 9.4, na wakaandika hivyo bila haya, kwa sababu hesabu zao zilikuwa zimeshawaambia watarajie kosa la asilimia 8 hivi kwa visanduku 256. Hilo ndilo lililonigusa. Wao walikosea zaidi ya nilivyokosea baada ya kuzidisha 0.4, na walikuwa sahihi kuliko mimi, maana walijua kosa lao lina ukubwa gani kabla halijatokea.

Juni 2007 mkutano ulikuwa Juan-les-Pins, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa. Flajolet, Éric Fusy, Olivier Gandouet na Frédéric Meunier wakaleta toleo lililoboreshwa, HyperLogLog. Visanduku ni vilevile, rekodi ni zilezile, kilichobadilika ni aina ya wastani. Unaijua hesabu ya gari linalokwenda Morogoro kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 20? Wastani wa safari si 40. Ni 30, kwa sababu ile kasi ndogo ndiyo inayokula muda. Wastani wa namna hiyo unazibana namba kubwa zisitawale. Na kwenye visanduku, adui ni kile kisanduku kimoja kilichopata rekodi ya kubahatisha ikapaa juu. Kwa wastani wa Juan-les-Pins kisanduku hicho kinapiga kelele lakini hakisikiki sana.

Faida yake ilihesabiwa, haikukisiwa. LogLog ina kosa la 1.30 kugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya visanduku. HyperLogLog ni 1.04. Maana yake, kwa usahihi uleule unatumia asilimia 64 tu ya kumbukumbu. Kilobaiti moja na nusu zinatosha kuhesabu zaidi ya vitu tofauti bilioni moja kwa kosa la takriban asilimia 2.

Na lile swali la faili la nne nalo likapata jibu. Namba ya kuzidisha ya HyperLogLog ni 0.673 ukiwa na visanduku 16, inakuwa 0.697 kwa 32, 0.709 kwa 64, halafu inapanda taratibu kuelekea 0.72134. Sasa jiweke mahali pa rafiki yangu. Unapima kwenye kompyuta yako kwa visanduku 16, unaandika 0.673 ndani ya programu, mwenzako anaichukua na kuitumia kwa visanduku elfu kumi na sita. Kila jibu lake litakuwa pungufu kwa karibu asilimia 7, kila siku, bila ujumbe wa kosa wala taa nyekundu. Yeye atadhani watu wamepungua.

Flajolet alifariki Machi 2011, akiwa na miaka 62. Leo ukitumia Redis, hifadhidata iliyo nyuma ya tovuti nyingi unazozifungua, amri za kuhesabu vitu tofauti zinaanza na herufi PF: PFADD, PFCOUNT. Ni herufi za kwanza za jina lake. Ndani yake mna visanduku 16,384 vinavyochukua kilobaiti 12, kosa asilimia 0.81. Gawa 1.04 kwa 128, ambacho ni kipeuo cha pili cha 16,384, utaiona hiyo 0.81 ikitokea kwenye kikokotoo chako. Huhitaji kumwamini mtu.

Kuna matumizi moja ambayo lazima nikusimulie, kwa sababu yanaonyesha uzuri ambao bado sijautaja. Chukua uwanja wa maonyesho wenye mageti mawili, kila geti na visanduku vyake. Watu wengine wameingia kwa geti hili asubuhi na lile jioni. Ukijumlisha hesabu za mageti, umewahesabu mara mbili. Lakini ukilinganisha kisanduku kwa kisanduku na kuchukua rekodi iliyo kubwa, unapata visanduku vilevile ambavyo ungepata kama kungekuwa na geti moja tu. Kuunganisha ni kuchagua kubwa. Basi.

Mwaka 2011 watafiti wa Facebook na wa Chuo Kikuu cha Milano walitaka kujua watu wawili wowote kwenye mtandao huo wako umbali wa marafiki wangapi. Watumiaji walikuwa milioni 721, urafiki kati yao bilioni 69. Kumfuata kila mtu na kuorodhesha anaowafikia haiwezekani. Wakampa kila mtumiaji vivisanduku vyake, ndani yake yumo yeye peke yake. Hatua ya kwanza, kila mmoja anachukua rekodi kubwa kati ya zake na za marafiki zake: sasa visanduku vyake vinawahesabu wote walio umbali wa hatua moja. Wanarudia, hatua mbili. Wanarudia, tatu. Wastani ulitoka 4.74. Mtu na mtu yeyote, kwa wastani, urafiki 4.74 kati yao. Namba hiyo ilizunguka kwenye magazeti ya dunia, na sidhani wengi walioisoma walijua kwamba imeshikiliwa na rekodi za sarafu.

Nirudi kwenye sura yangu. Niliiandika upya. Nilipofika kwenye namba ya kuzidisha sikuandika "nimepima", niliandika inakotoka, na nikaongeza safu ya kosa linalotarajiwa kando ya kila jibu. Vitabu havikunigharimu kitu. Flajolet na Robert Sedgewick waliandika kitabu kimoja kikubwa cha taaluma hii, Analytic Combinatorics, kilichotoka 2009, zaidi ya kurasa 800, na faili lake limewekwa intaneti bure kwa ridhaa ya mchapishaji. Makala za mkutano wenyewe nazo ziko wazi. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakilipii majarida, hili si jambo dogo. Onyo tu: sura ya kwanza inakuchekea, ya nne inakukazia macho.

Msimamizi alisoma sura mpya siku mbili. Ikarudi na alama moja ya kalamu nyekundu pembeni: "Na maneno yakiwa machache?"

Kha. Nikaanza kubisha kimoyomoyo, kisha nikaona ana haki. Maneno yakiwa machache kuliko visanduku, visanduku vingi havijawahi kuguswa, havina rekodi yoyote, na wastani wa rekodi ambazo hazipo ni upuuzi. Wale wanne wa Juan-les-Pins walikuwa wameliona. Hapo huangalii rekodi tena, unahesabu visanduku vitupu. Ukiwa na visanduku m na vitupu ni v, makisio ni m mara logi asilia ya m kugawa kwa v.

Hii unaweza kuifanya mwenyewe jioni hii. Panga vikombe 16, au chora miraba 16 kwenye karatasi na kuipa namba. Kwa kila jina kwenye simu yako linaloanza na herufi moja, tuseme M, rusha sarafu mara nne kumchagulia mraba, weka punje ya harage. Ukimaliza, mwite mtu ambaye hajaona ulivyokuwa ukifanya, aangalie tu ni miraba mingapi haina kitu. Akikuta 6, mwambie apige 16 mara logi asilia ya 16 kugawa kwa 6. Itatoka 15.7. Halafu hesabuni maharage.